Barua ya malalamiko: nauli ya kutokea Glasgow na maneno mliyonitolea mbele ya wanangu

Kwa Meneja na uongozi wote wa ofisi ya tiketi za ndege,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe mpaka mwisho, kwa sababu nimepiga simu mara tatu nikaambiwa meneja yuko kikaoni, na imeili niliyotuma mwezi wa tano haijajibiwa mpaka leo, watoto washarudi shule. Masharti yenu mnayajua wenyewe, siwezi kuwasomea. Namba ya oda mnayo. Risiti ninazo zote.

Nianze na ile simu maana ndo inayoninyima usingizi. Ilikuwa Jumapili mchana mwezi wa nne, nimetoka shifti ya usiku kule nyumba ya wazee, nimelala masaa matatu tu, niko jikoni nakanda unga wa chapati. Mikono ina unga kwa hiyo simu nikaiweka spika, mume wangu kashika kadi ya benki pembeni tayari kuwasomea namba, watoto wote watatu wako mezani. Nimepiga ili nimalizie hela yenu ya tiketi za kwenda Dar, ambazo Januari nilishazilipia kianzio, sikupiga kuomba punguzo. Kijana wenu akaniambia Glasgow imepanda, ongeza paundi 235 kwa kila mtu. Nikamuuliza kaka imepandaje wakati tangazo lenu linasema 780 na Glasgow imeandikwa palepale chini ya Manchester? Akanijibu hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Dada, kwani nani kawatuma mkaishi huko mwisho wa dunia? Pandeni basi mje London kama wenzenu, la sivyo bakini." Halafu akacheka, na nyuma yake kuna mtu mwingine humo ofisini akacheka pia.

235 mara tano ni paundi 1,175. Hata yule wa miaka mitatu mmemwongezea hiyohiyo.

Nilimuuliza sababu na alinipa tatu, na kila moja niliifuatilia mwenyewe baadaye. Kwanza eti tiketi ya Glasgow ina ndege ya kuunganisha London. Jamani, safari niliyochagua ni Glasgow mpaka Dubai moja kwa moja, masaa saba na nusu hivi, halafu Dubai mpaka Dar. Ndege za Glasgow kwenda Dubai zipo tangu 2004, sio kitu kigeni kwa mtu anayeuza tiketi. London haiguswi kabisa. Sasa hiyo ya kuunganisha mlitaka kunitoza ya wapi? Na baadaye mliponihamishia London tukaondokee huko mkanipitisha Dubai hiyohiyo, na kutoka Dubai kwenda Dar tumepanda ndege ileile ambayo tungepanda kama tungetokea Glasgow, nimeziweka karatasi mbili mlizonitumia sambamba, namba ya ndege ni moja na saa ni moja.

Ya pili akasema kodi za Scotland ziko juu. Kodi ya abiria wa ndege, hiyo APD, kwa safari ya umbali wa Tanzania ilikuwa paundi 90 kwa mtu mzima daraja la kawaida mwaka 2025 kuanzia Aprili, uondokee Glasgow uondokee Heathrow ni hiyohiyo, na mtoto wa chini ya miaka 16 halipi kabisa daraja hilo. Kwetu wanaolipa ni wawili, mimi na baba yao, paundi 180 basi. Mtu anayekaa kwenye kiti cha kuuza tiketi anawezaje kumwambia mteja uongo wa aina hiyo, au kama hajui mbona mmempa simu?

Ya tatu ndo niliyoamini, kwamba "nyie Scotland mmefunga shule, ni msimu". Hapo alisema kweli. Shule zetu zinafunga wiki ya mwisho ya Juni na zinafunguliwa katikati ya Agosti, England wanafunga karibu mwezi mzima baada yetu. Kwa hiyo mwisho wa Juni mtu wa London mnamuuzia bei ya kawaida kwa sababu watoto wake bado wako darasani, sisi siku hiyohiyo mnatuuzia bei ya sikukuu kwa sababu mnajua hatuna siku nyingine. Ikifika mwisho wa Julai England wakifunga London nayo inapanda, lakini nimekaa na simu nikiangalia bei zenu wiki nzima na Glasgow haikushuka hata paundi moja, tunalipa msimu wetu halafu tunalipa na wa kwao. Mtaniambia Agosti mwishoni inashuka. Inashuka wanangu wakiwa darasani! Na Oktoba ni vilevile, sisi likizo ni katikati ya mwezi, wao mwishoni, jirani yangu Mkenya wa Edinburgh aliyekuwa anapeleka watoto Mombasa kalia kilio hikihiki mwaka jana, na wa Aberdeen ndo usiseme.

Na nimesahau, katika simu hiyohiyo kabla hajasema yale maneno alinishauri niwatoe watoto shule wiki mbili kabla, "si huko Scotland hamtozwi faini?" Ni kweli hatutozwi, England ni paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Lakini mwanangu mkubwa alikuwa anamaliza praimari, na Juni ndo wanapelekwa kuizoea sekondari, wanaonyeshwa madarasa, wanakutana na walimu wapya. Nimwambie asiende kwa sababu ofisi ya tiketi imependekeza? Mimi nimefika nchi hii nikiwa mtu mzima nikaanza shule upya kwa Kiingereza cha kubabaisha, najua mtoto kukosa siku zile ni nini.

Turudi Januari. Tangazo lenu nililipata WhatsApp, mnalo, lina picha ya bahari na maandishi makubwa: Dar Juni mpaka Agosti paundi 780 kwa mtu, London, Birmingham, Manchester, Edinburgh, Glasgow. Hakuna nyota ya masharti, hakuna neno "kuanzia". Nikalipa kianzio cha paundi 500 wiki hiyohiyo, hela ya shifti za Krismasi ambazo wenzangu hawakuzitaka. Mkanitumia picha ya risiti iliyoandikwa kwa kalamu. Tiketi sikupewa, cheti cha ATOL, kile kinacholinda hela ya abiria kampuni ikifilisika, sikupewa, miezi mitatu mmekaa na hela yangu. Niliwaamini kwa sababu tunaongea lugha moja. Ningeweza kununua kwenye intaneti kwa kampuni ya Wazungu kama wenzangu walivyonishauri, nikasema hapana, hawa ni ndugu zetu, wanajua maana ya kwenda nyumbani.

Basi tukafanya mlivyotaka. Mkanihamishia London, na kunihamisha mkanitoza paundi 60 kila mtu, yaani 300, ada ya kubadilisha kitu ambacho mmekibadilisha nyie. Tumeondoka stendi ya Buchanan usiku, masaa tisa ndani ya basi, mdogo katapika kabla hatujafika Carlisle na akaendelea hivyo mpaka alfajiri, tukashuka stendi ya Victoria London, tukapanda basi lingine mpaka Heathrow. Ndege inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa mtu na mnajua mtu anayekwenda nyumbani baada ya miaka minne anabeba nini. Lile basi kila mtu begi moja kubwa. Mabegi mawili yaliyokuwa na vitu vya mama yangu, blanketi, viatu vya kuvaa kwa mguu unaovimba, mashine ya kupimia presha, yamebaki kwenye korido ya nyumba yangu Glasgow, nimekuja kuyatuma kwa kago Agosti kwa paundi 118 na hayajafika Tanga mpaka naandika hapa. Mama ameniona mimi, amewaona wajukuu, ameshukuru Mungu, lakini dawa ya presha kaendelea kumeza kwa kukisia.

Kurudi tumetua Heathrow usiku basi la mwisho lishaondoka. Hoteli paundi 134 chumba kimoja watu watano. Kesho yake masaa tisa mengine kwenye basi. Siku iliyofuata mimi niko kazini.

Narudi kwenye ile simu kwa sababu sijamaliza, na nataka mtu mwenye madaraka pale ofisini aione kama nilivyoiona mimi. Spika iko juu. Mwanangu mkubwa, miaka 11, alikuwa anaandika orodha ya vitu vya kumpelekea bibi, kaandika kwa Kiswahili, nimemfundisha mwenyewe tangu anaanza kuongea, nyumbani kwangu hakuna Kiingereza mpaka mlango ufunguliwe. Kaelewa kila neno. "Nani kawatuma mkaishi huko mwisho wa dunia." Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akamwangalia baba yake. Yule wa pili, ana miaka minane, akauliza kwa sauti ndogo, "mama, wanatucheka sisi?" Na kwenye simu kicheko bado kinaendelea, na kile cha pili nyuma. Mume wangu alinyoosha mkono akate simu nikamzuia, nikaogopa nikikata hela yetu 500 imekwenda. Mnajua nilichomjibu kijana wenu? Nilimwambia "asante kaka". Mbele ya wanangu. Chapati ya kwanza inaungua nyuma yangu nanusa kabisa na sikuweza kugeuka. Miezi minne najiuliza kwa nini nilisema asante.

Wanangu wamezaliwa Glasgow. Kiswahili wanachokisikia ni changu, cha baba yao na cha bibi kwenye video. Nyie ndo Waswahili wa kwanza wasio ndugu kuwasikia wakiongea na mama yao, na hicho ndo mlichowafundisha. Mkubwa baada ya siku ile alikuwa akijibu kwa Kiingereza wiki nzima. Hilo sijui mtalilipa kwa paundi ngapi.

Ninachotaka. Nilipokaa kuandika nilikuwa nimepanga kuomba samahani tu na gharama zangu: mabasi kwenda na kurudi watu watano paundi 512, hoteli 134, ada ya kubadilisha 300, jumla 946. Nikaweka na kago 118 ambayo nilikuwa nimeiacha, ni 1,064. Na kwa kuwa nimeyasoma tena niliyoyaandika hapo juu, hiyo haitoshi. Nataka tangazo lile lirekebishwe, kama Glasgow sio 780 msiiandike 780, tena sio Glasgow peke yake, na Edinburgh pia. Nataka sababu ya ile 235 kwa maandishi, mstari kwa mstari, nani anaichukua, ndege au nyie. Nataka samahani kutoka kwa meneja, sio kwa kijana, na iandikwe kwa Kiswahili safi ili niwasomee watoto. Simu zenu mnasema zinarekodiwa, basi isikilizeni ile ya Jumapili na mumsikilize na yule aliyecheka nyuma.

Siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu nitafungua madai mahakama ya Sheriff Court hapa Glasgow kwa utaratibu wa madai madogo, Simple Procedure, unapokea madai mpaka paundi 5,000 na wakili sio lazima, na mteja anayo haki ya kushtaki mahakama ya anakoishi, kwa hiyo kesi itasikilizwa huku huku Scotland. Tangazo nitalipeleka kwa ASA, wanaosimamia matangazo. Ile 500 mliyokaa nayo miezi mitatu bila tiketi wala cheti nitawauliza CAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iwapo ilikuwa chini ya ATOL ya nani. Na sheria ya 2024 ya kulinda wateja iliyoanza kufanya kazi Aprili 2025 inataka bei ya kwanza anayoonyeshwa mteja iwe na ada zote za lazima ndani yake, CMA, wanaosimamia ushindani wa biashara na haki za wateja, wana uwezo wa kutoza faini mpaka asilimia 10 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka. Sikuwa nayajua haya Januari. Nimeyasoma usiku kazini wazee wakiwa wamelala, kwa sababu yenu.

Na msinirudishie hela kimyakimya mkadhani yameisha. Hela bila ile barua ya samahani nitaihesabu kuwa hamjajibu.

Nijibuni kwa maandishi. Simu yenu sitaipokea tena wanangu wakiwa karibu.

Mimi mteja wenu,
Glasgow