Risala ya wanafunzi wa klabu ya elimu ya nyota kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Prefe, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha hapa shuleni, na tunaomba utusikilize juu ya jambo linalotukusanya kila Jumamosi, yaani mawimbi ya redio yanayotoka katika mabaki ya nyota zilizolipuka.

Nyota kubwa ikilipuka, mng'ao wake hufifia baada ya miezi, lakini gesi iliyorushwa huendelea kutanuka kwa maelfu ya miaka. Inapogonga gesi iliyotanda kati ya nyota, elektroni huongezewa kasi hadi kukaribia ile ya nuru, na kwa kuzunguka ndani ya nguvu za sumaku hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hupenya vumbi la angani, wala hayazuiwi na mchana au mawingu. Kwetu sisi, ambao mvua hutuficha nyota miezi mingi, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1948, huko Cambridge, Martin Ryle na Graham Smith waligundua Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, yaliyo umbali wa miaka ya nuru 11,000 hivi. Nuru ya mlipuko wake ilifika duniani zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hakuna maandishi ya uhakika ya mtu aliyeuona. Hata hivyo antene inayasikia mabaki yake waziwazi. Mwaka 1987 nyota nyingine ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, yaani galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, ambalo tunaliona kusini tukitoka nje ya mji. Mng'ao wake uliendelezwa na kobalti yenye mnururisho, nasi watoto wa Katanga, ambako kobalti huchimbwa, tulishangilia kulisikia jina hilo. Mawimbi ya redio ya nyota hiyo yalizimika upesi, kisha yakarudi mwaka 1990.

Tuna parabole moja, yaani sahani ya kunasa televisheni, ya sentimita 90. Tuliielekeza kwenye Jua, na mshale wa kile kipima nguvu ya mawimbi cha mafundi wa parabole ukapanda. Tulipoisogeza kidogo, ukaanguka. Mabaki ya nyota yanahitaji sahani ya metri 3.

Mheshimiwa, tunakuomba utusaidie kuipata. Kutoka Lubumbashi, Cassiopeia A haipandi zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa kaskazini, kwa hiyo tumekwisha kuchagua mahali nyuma ya maktaba, pasipo na mti wala ukuta upande huo, na msingi tumeuchimba wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.