Kwa Nini Jedwali la Sensa Pekee Halitoshi Kuchora Ramani ya Watu Kando ya Hifadhi

Wateja wanaotaka ramani ya ongezeko la watu kati ya Hifadhi za Taifa za Tarangire na Ziwa Manyara mara nyingi hutuletea majedwali ya sensa za mwaka 2002, 2012 na 2022, wakitarajia tupake kila kata rangi kulingana na idadi ya wakazi wake. Takwimu hizo ni msingi mzuri, lakini mipaka ya kata hubadilika kati ya sensa moja na nyingine, hivyo kata inayoonekana kupungukiwa na watu huenda imemegwa tu. Kwa hiyo tunaanza kwa kuoanisha mipaka ya miaka yote mitatu, kazi ndefu ambayo hatukubali kuiruka.

Kinachotusumbua zaidi ni wastani. Katika ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia ya wanyamapori kati ya hifadhi hizo mbili, nyumbu na pundamilia huondoka Tarangire mvua zinapoanza, kisha hurejea kwenye Mto Tarangire wakati wa kiangazi, na njia yao inakatwa na barabara ya Arusha–Babati, ambako watu hupenda kujenga kwa sababu ya usafiri na biashara. Kata inaweza kuonekana ina watu wachache kwa hesabu ya watu kwa kilomita ya mraba, ilhali safu moja ya nyumba na mashamba kando ya lami inatosha kuziba mapito. Ndiyo maana tunahesabu paa kwa paa kwenye picha za satelaiti za miaka tofauti.

Hata picha hizo hukosea. Bati hung'aa, lakini nyumba ya udongo na samadi hufanana na ardhi iliyoizunguka, na boma la wafugaji lililohamwa huacha duara la samadi linaloonekana kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunakwenda kuhakiki kwa miguu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji: tukikuta miiba ya zizi imeoza na majani yameota ndani, boma hilo tunalifuta, tukikuta ndama na jiko lenye moto, linabaki.

Wakazi wengi huhofia kwamba ramani italetwa kama hoja ya kuwahamisha, na hofu hiyo tunaiheshimu. Kabla ya kupima tunaeleza kazi yetu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hatuandiki jina la familia yoyote kwenye ramani, na nakala moja hubaki katika ofisi ya kijiji.

Anayehitaji huduma hii atuletee jina la kijiji, nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo, na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa mara ya mwisho.