Aliyejiua naye azikwe kanisani

Mhariri,

Bado zipo parokia za Kikatoliki zinazomnyima aliyejiua ibada ya mazishi: jeneza halivuki mlango wa kanisa, katekista anasali nyumbani harakaharaka. Hiyo ni Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni 1240, na haipo tena. Sheria ya 1983, kanuni 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani, wazushi (wanaokana fundisho la imani), wafarakano (waliojitenga na Kanisa), waliochagua kuchomwa maiti kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Aliyejiua hayumo. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2281, inakiita kitendo hicho kosa zito, ila namba 2282 inasema ugonjwa mkubwa wa akili au hofu kuu huweza kupunguza hatia. Padre mwenye shaka amuulize askofu. Familia nayo iombe jibu hilo mapema, kabla kaburi halijachimbwa.

Msomaji wenu