Mwanangu, huyo Kashata hana akiba

Marangu, Jumapili usiku

Mama'ngu,

Picha ya Kashata, huyo mtoto wa mbwa uliyemnunua, aina ya Maltese, nimeiona. Nikaikuza, nikamwita mama yako naye akaja na miwani yake akaangalia weee, halafu akauliza, sasa huyo ni mbwa au ni soksi? Nimecheka mpaka kikohozi kikanirudia. Ila pale chini ukaandika ana wiki tisa na kwenye mzani wa muuzaji alikuwa gramu 900, hapo nikaacha kucheka, na ndo maana unapata barua ndefu hivi badala ya ile sauti ya sekunde kumi uliyoizoea.

Mimi bwana mifugo miaka 31 unajua, mbwa niliowachanja siwezi kuwahesabu, lakini ni hawa wetu wa kufungwa chini ya mgomba, anakula ugali wa juzi na utumbo wa kuku, mvua yake jua lake, na anazeeka vizuri tu. Hawa wadogo nilidhani ni mbwa haohao ila wamepunguzwa. Nilikuja kujua siyo, na nilijua kwa kuharibu.

Sijawahi kukusimulia hii. Mwaka 1994 mama mmoja mgeni pale misheni alikuwa na Chihuahua, kilo mbili hata hazifiki, amejaa kupe masikioni. Mi kijana, najiamini, nina chupa ya dawa ya josho, amitrazi, nikachanganya kwa jicho kama ninavyochanganya ya ndama nikamwogesha mbwa wa watu nikaondoka na baiskeli yangu. Jioni nikaitwa. Nimemkuta amelala kwenye taulo, wa baridi, moyo unapiga moja, unakaa, unapiga nyingine. Nilikaa naye usiku kucha jikoni kwao, jiko la mkaa upande huu, chupa ya maji ya moto nimeifunga kitambaa upande ule, yule mama amekaa kwenye stuli hasemi neno. Akapona, lakini si kwa ujuzi wangu, ni Mungu tu na yale maji ya moto. Ng'ombe wa kilo 300 ukimzidishia mililita moja hata hajui, sasa huyo wako kilo moja haijafika, mililita moja kwake ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo kwanza kabisa, dawa yoyote ya ng'ombe, ya kuku, ya mbwa wa jirani, isimguse. Hata kama muuza duka la pembejeo anakuapia.

Ndo maana nasema hana akiba. Mbwa mkubwa ana nyama, ana mafuta, ini lake kubwa linatunza sukari, akikosa kula leo atakula kesho. Huyu ini lake dogo mno, akikaa saa nyingi bila kula sukari inashuka na anaanguka. Usisubiri alie njaa. Mpe mara nne kwa siku, kidogo kidogo: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni, na saa 4 usiku kabla hamjalala. Akifika miezi minne hivi unaweza kushusha ziwe tatu.

Sasa najua unajiuliza saa 6 mchana nani, wewe uko kazini Posta na foleni ya kurudi Sinza tunaijua. Hapo ndo penyewe. Mbwa umenunua wewe ila anayemlea ni dada wa kazi hapo nyumbani, tusidanganyane. Kaa naye, msomee hii barua, umwonyeshe kwa vitendo, na mwisho wa mwezi umwongezee kitu maana hiyo ni kazi imeongezeka, siyo mapambo.

Mwonyeshe na hili. Siku mkimwona anayumba kama mlevi, au amelegea, anatetemeka na hakuna baridi, macho yanaangalia ila hayaoni, fungua mdomo uguse ufizi, ukiwa mweupe na wa baridi huenda ni sukari imeshuka. Chukua glukosi ya unga, ile ya kopo iko kwa mangi yoyote, ichanganye na maji matone machache iwe kama uji mzito, umpake kwenye ufizi kwa kidole. Asali nayo inafaa. Kumpaka tu, usimmiminie, akiwa hajitambui itaenda kwenye mapafu. Akizinduka mpe chakula, mfunge taulo apate joto, halafu moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, hata kama ameanza kucheza, maana mara nyingi kuna kitu nyuma yake, minyoo au homa. Kopo moja likae jikoni, lingine kwenye mkoba wako.

Chakula chenyewe. Nunua cha pakiti cha watoto wa mbwa wadogo, punje zake ndogo ndogo, na wiki ya kwanza mpe kilekile alichokuwa anakula kwa muuzaji, ukitaka kubadilisha changanya polepole siku saba hivi, vinginevyo ataharisha, na kuharisha kwa gramu 900 siyo mchezo. Maziwa ya ng'ombe hapana, najua atayapenda, atayapenda halafu ataharisha. Ukiishiwa pakiti mchemshie kuku bila chumvi bila kitunguu, umtoe mifupa yote, wali kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inachanika kama njiti. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwao, zabibu pia, chokoleti, na zile bigijii zisizo na sukari ambazo unazitafuna ukiwa kwenye daladala, zina kitu kinaitwa zailitoli, kipande kimoja tu kinaweza kumuua. Mkoba wako usiwe unauweka chini tena.

Na dona la mabaki usimpe, hasa lile lililokaa. Unakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu? Mbwa ini lake halistahimili ile kitu kabisa. Huku watu wanasema mahindi yaliyooza si mpe mbwa, mimi nimeshawapigia kelele mpaka nimechoka.

Chanjo. Nipigie picha ya kadi yake pande zote mbili. Nataka kuona stika ya kichupa cha chanjo imebandikwa, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu peke yake hainishawishi, hata mimi naweza kuiandika nikiwa hapa kitandani. Ya pavo na distempa, virusi viwili vinavyoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, hizo sindano za mwisho ndo watu wanazikimbia wakidhani moja imetosha. Maziwa ya mama yake yalimpa kinga na kinga hiyo inaweza kuizuia chanjo isishike, na hujui itaisha lini, ndo maana tunarudia. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, halafu unafuata tarehe ya kurudia atakayokuandikia daktari. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, ila wewe usisubiri Septemba.

Mpaka amalize, asikanyage chini huko nje. Coco Beach baadaye. Kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, mbwa alikufa hapo mwaka jana na kirusi bado kipo. Hebu muulize mlinzi wa hapo kama kuna mbwa mdogo aliwahi kufa kwa kuharisha damu. Kama yupo, sakafu uipige Jik, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iache dakika kumi ndo usuuze, na yeye awe mbali. Mbebe tu, aone watu, asikie bodaboda, azoee kelele, hilo ni muhimu vilevile asije akawa mbwa wa kubweka kila kivuli.

Minyoo wanazaliwa nayo kutoka kwa mama, kwa hiyo mpe dawa hata kama huioni. Ila vidonge vingi kimoja ni cha mbwa wa kilo kumi, sasa wewe utakata kidonge vipande kumi na moja? Omba ya maji ya watoto wa mbwa, ipimwe kwa bomba la sindano bila sindano yake, na mbwa apimwe uzito hapohapo. Kupe hivyohivyo, dawa iwe imeandikwa inafaa umri wake na uzito wake. Kila jioni mpapase, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kwapani. Kupe wa Dar wanaleta homa mbaya.

Ule mkanda wa shingo wenye almasi za plastiki uliomvalisha kwenye picha, utoe. Koromeo la hawa wadogo ni laini, ukivuta kamba linabanwa, baadaye anakuwa anakohoa kama bata maisha yake yote. Tafuta mkanda wa kifuani. Na usimwache kwenye kochi peke yake. Mfupa wa mkono wake ni kama njiti ya kiberiti, akiruka kutoka kochini au akichomoka mikononi mwako unavunjika. Watoto wa dada yako wakija wambebe wakiwa wamekaa chini kwenye mkeka, siyo wamesimama. Mpapase na utosi, kuna wengine wana utosi laini kama wa mtoto mchanga, kama upo mwambie daktari.

Nywele za Maltese ni kama zako ulivyokuwa darasa la tatu, usipochana siku mbili zinakuwa jamvi. Chana kila siku, kitana cha chuma cha meno mapana, anzia chini kwenye ncha. Kuoga kila wiki mbili tatu inatosha, shampuu ya mbwa, umkaushe kabisa. Macho futa na pamba yenye maji ya uvuguvugu. Meno mzoeze kidole sasa hivi, kwenye miezi minne mpaka saba yanabadilika, na hawa wadogo yale ya utoto mengine hayang'oki, unakuta meno mawili sehemu moja, hapo daktari anayatoa. Dawa yako ya meno usimpake.

Habari ya haja hata sina mengi. Akiamka, akila, akicheza, mpeleke palepale kwenye gazeti, akijisaidia msifie. Akikosea safisha unyamaze. Mimi nilikuwa naona watu wanawasugua pua kwenye mkojo, ni upuuzi, anachojifunza ni kukuogopa.

Kitu kingine, mama mwenye nyumba wako. Yule ni mtu wa swala tano na mnapanda ngazi moja. Mate ya mbwa kwake ni najisi, ikigusa nguo au chombo anaosha mara saba na moja iwe kwa udongo, hebu fikiria kazi hiyo kila siku kwa sababu ya Kashata. Nenda kabla hajasikia kwa watu. Mwambie shikamoo mama, nimeleta kiumbe humu ndani, hatashuka bila kubebwa, hatakaribia mkeka wako wala jiko lako, na kama utaona tabu niambie. Nenda na kitu mkononi. Kukuruhusu au kutokuruhusu ni haki yake, ila ukificha halafu akakutana naye ngazini alfajiri ametoka kutawadha, hapo usinipigie simu mimi.

Halafu yule muuzaji aliyekwambia ni "tikapu", eti mdogo wa kuenea kwenye kikombe cha chai. Hakuna aina ya mbwa inayoitwa hivyo, mwanangu, ni jina la kuuzia. Maltese akikomaa anafika kilo tatu hivi. Ambaye anabaki mdogo kuliko hapo mara nyingi ni yule dhaifu wa uzao, au alitolewa kwa mama yake mapema, na matatizo yanakuwa yako. Sikulaumu, umeshampenda, ila hela uliyomwongezea kwa ajili ya udogo ndo hiyo ungechanjia miaka mitano.

Kesho asubuhi nampa kondakta kifurushi, utakichukua stendi ya Magufuli jioni, jina limeandikwa juu. Kuna mzani wa jikoni, kipimajoto, kopo mbili za glukosi, na daftari la shule. Mpime kila asubuhi kabla hajala, muweke kwenye bakuli, andika. Wiki tatu za kwanza kila siku, baadaye kila Jumamosi. Akipungua siku mbili mfululizo usinitumie ujumbe, nipigie, hata usiku wa manane.

Juu ya mzani utakuta kisweta cha rangi ya chungwa. Mama yako, aliyesema soksi, amekisuka jana na leo akijificha nisimwone. Dar na joto lile usithubutu kumvalisha, ila mvalishe dakika moja umpige picha, umtumie yeye, siyo mimi.

Baba yako