Betri ya pikapu ipimwe kwanza, ndipo inunuliwe nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenye pikapu za zamani, hasa Hilux na Land Cruiser za dizeli zinazoshusha ndizi na maziwa kutoka Kibosho na Machame kuja soko la Mbuyuni, na wenzao wa Arusha wanaopeleka mzigo soko la Kilombero alfajiri. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, stata inazunguka kwa uvivu, gari linasukumwa, na kabla ya saa nne mwenyewe ameshauziwa betri mpya. Haupiti muda mrefu, anasukuma tena. Ile aliyoiacha dukani huenda haikuwa na kosa.

Baridi ina sehemu yake, sikatai. Betri ikipoa hutoa nguvu kidogo, oili ya injini inakuwa nzito, na dizeli inadai umeme wa kupasha plagi hata kabla stata haijaguswa. Lakini baridi huumbua tu udhaifu uliokuwapo tangu Machi. Udhaifu huo uko wapi, hilo ndilo la kupima, na mita ndogo ya volti inatosha.

Pima asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo tu. Kama haijajaa, ichajiwe kwanza taratibu kwa moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani betri ya ampea-saa 70 ipewe ampea 7, ndipo ihukumiwe. Iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, hiyo imechoka kweli. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inasuasua, iache betri, ufuate nyaya.

Kwenye pikapu kuukuu mkosaji wa kwanza ni waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini na bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi, si kwenye teminali ya waya inayokibana, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea hapo. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti ya stata, usizidi 0.5. Dawa ni kufungua ule waya unapoungana na injini na bodi, kusugua kutu na rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, na kukaza upya. Gari lililopigwa rangi mara mbili tatu huwa na rangi chini ya boliti hiyo, na mpiga rangi hawezi kukuambia.

Unga mweupe au wa kijani kwenye teminali unaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi soda, vijiko viwili kwa nusu lita. Vifuniko vya seli, yaani vile vyumba sita vya betri, viwe vimefungwa kabisa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Grisi ipakwe baada ya kukaza, si kabla. Teminali iliyolegea haitibiwi kwa msumari wala kipande cha kopo. Nunua inayoenea kichwa hicho. Na anayeigongea kwa nyundo ajue kwamba mtikisiko unafika kwenye viungio vya ndani.

Sasa alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ambako naona ubishi hautaisha. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo anza na mkanda: ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, uingie kama sentimita moja. Ikifika 15, kidhibiti chaji kimekufa na betri inachemshwa. Utasikia harufu ya mayai viza. Ile tabia ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka, eti gari lisipozima alteneta ni nzima, iachwe kabisa. Dizeli nyingine za zamani huendelea kuunguruma bila umeme wowote, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi chochote, na volti inayoruka ghafla inaunguza dayodi za alteneta iliyokuwa nzima. Nyongeza kwa wenye Hilux za injini ya 2L na 3L: pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Ukiletewa alteneta isiyo na pampu hiyo, gari litachaji vizuri na breki zitakuwa ngumu kama jiwe.

Kwenye betri za kuongeza maji, duka huweka chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi rafu moja, na wengi huchukua asidi wakidhani inaongeza nguvu. Kinachopungua ndani ni maji tu, asidi inabaki. Ukiiongeza, inakolea na kula bamba za madini ya risasi. Maji ya bomba na ya chupa ya kunywa nayo yana madini, na ya kwetu huku chini ya Meru na Kilimanjaro yanajulikana kwa floraidi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani hayo ya betri, kila mwezi, hadi alama ya juu au kama sentimita moja juu ya bamba. Seli moja ikinywa kuliko zile nyingine tano, hiyo ndiyo inayokufa, na hapo betri haina tena safari ndefu.

Ikithibitika imekufa, soma maandishi ya ile ya zamani. Kwenye 75D31, namba 31 ni urefu wa ubavu wa kasha, si kimo chake, kwa sentimita, kwa kukadiria. Vichwa vikae upande uleule, la sivyo waya wa chanya utavutwa na siku moja utagusa bodi. Dukani ipimwe mbele yako. Iliyo chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, waachie wenyewe. Kufungua, anza na hasi, spana namba 10, ili spana ikigusa bodi baadaye kusiwe na cheche. Kufunga, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Kisha kibano cha kuishikilia betri. Ukanda wa mpira wa tairi hautoshi kwa barabara zetu za mawe. Betri inayorukaruka hudondosha unga wa bamba zake chini, unajikusanya na kuunganisha bamba, seli inakwisha.

Na gari likikwama njiani, usiombe umeme kwa lori la volti 24, hata dereva wake akiwa rafiki. Kwa gari la volti 12, waya mweusi wa kuazimia umeme, unaofungwa mwisho, ufungwe kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, kwa sababu gesi inayotoka kwenye seli hulipuka kwa cheche ndogo. Betri ya zamani irudishwe dukani na asidi yake ndani. Wanunuzi wa chuma chakavu wanaomwaga asidi mtaroni ili kupunguza uzito wanaacha risasi pale watoto wanapochezea, na mwenye duka akipewa betri kamili hukubali kupunguza bei ya mpya ukimbana kidogo.

Fundi umeme wa magari,
Majengo, Moshi