Barua ya wazi kwa walimu vijana wa uhandisi wa kemikali

Wanangu,

Nawaandikia kuhusu somo la kuzuia uchafuzi, ambalo mara nyingi huachwa hadi mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwa amekwisha kuzoea kuchora kiwanda kizima na kukitilia mtambo wa majitaka pembeni. Nawasihi mlilete mwaka wa kwanza, siku ile ile mnapofundisha urari wa maada, yaani kulinganisha vyote vinavyoingia kiwandani na vyote vinavyotoka, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapojizoeza kuhesabu bidhaa na kusahau kilichobaki.

Nilipokuwa kijana katika kiwanda cha nguo, rangi isiyoshika pamba ilitoka na maji ya kusuuzia. Tulichimba mabwawa, tukatia shabu, maji yakatakata, tukapongezana. Kumbe rangi ilikuwa imegeuka tope lililojaza malori, wala hatukuwa na pa kulimwaga.

Basi leteni darasani kitambaa na ndoo. Kitambaa kilichokamuliwa kikabakiwa na lita 1 ya maji ya rangi, ukitaka kukisuuza mara moja tu hadi ibaki sehemu moja kwa mia, utatumia lita 99 za maji safi. Ukikisuuza mara mbili kwa lita 9 kila mara, ukikikamua vilevile katikati, unafika pale pale kwa lita 18. Tena maji ya msuuzo wa pili yanafaa kwa msuuzo wa kwanza wa kitambaa kinachofuata, kama mama zetu wanavyofanya kisima kinapokauka. Waacheni wapime wenyewe kabla hamjaandika mlinganyo wowote ubaoni.

Kisha wasimulieni habari za Minamata, Japani, ambako zebaki ilitumika kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, cha kutengenezea kemikali ya asetaldehidi, na mabaki yake yakamwagwa baharini. Ugonjwa wa sumu ya zebaki uliowapata waliokula samaki wa huko ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 kiwanda kiliweka mtambo wa kusafisha majitaka, lakini haukuundwa kuondoa zebaki hiyo, na umwagaji uliendelea hadi mwaka 1968, watu wakila samaki wakiamini bahari imesafishwa. Swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: kwa nini zebaki iliingia kiwandani, na ni njia gani nyingine ingetoa bidhaa ile ile bila zebaki?

Mnaposahihisha miradi yao, msiupitishe mchoro wowote mpaka kila mshale unaotoka kiwandani uwe umeandikwa jina la kitu, kilo zake kwa siku, na mahali kinakokwenda.

Ni mimi mzee wenu, mhandisi mstaafu.