Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji: Pasipoti hufa kabla ya tarehe yake

Mheshimiwa Kamishna Jenerali,
Idara ya Uhamiaji,
Dodoma.

YAH: MIEZI SITA YA MWISHO YA PASIPOTI ZA 2018 HADI 2020

Afande, salaam.

Sikuandikii kulalamika. Pasipoti ya mama yangu ilipokataliwa uwanja wa ndege, ofisi yako haikuwa na kosa lolote. Kosa kubwa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyekifungua kitabu, nikasoma tarehe, nikamwambia, "Mama, bado hai hii, mpaka Machi." Nakuandikia kwa sababu hesabu iliyonishinda mimi mwaka 2017, ile ya nchi nyingi kutaka pasipoti iwe na miezi sita mbele siku unapoingia kwao, inawajia watu wengi kwa mkupuo, na mwenye tarehe zao zote ni wewe.

Oktoba ile dada yangu alikuwa Muscat, Oman, mimba ya kwanza, amebakiza siku za kuhesabu. Mama akajifunga kwenda kumlea mzazi, arobaini kamili, kama alivyolelewa yeye na bibi. Viza aliiomba shemeji huko huko mwishoni mwa Agosti, ikatoka bila neno. Pasipoti ilikuwa inaisha tarehe 20 Machi 2018, kwa hiyo siku ya maombi ilikuwa na karibu miezi saba. Kisha safari ikasogea. Mama hakutaka kufika mapema, siku za viza zikamwishia kabla mtoto hajatoka. Tukakata tiketi ya tarehe 17 Oktoba, ile ya bei nafuu ambayo ukiikosa ndege, pesa imekwenda.

Tulitoka Tanga kwa basi, tukalala kwa jamaa, saa nane za usiku tuko uwanja wa Julius Nyerere, jengo la pili. Begi la mama lilikuwa na doti sita za kanga, kopo la samli, pilipili manga na mdalasini vilivyokwisha kutwangwa kwa ajili ya uji wa mzazi, na pweza mkavu aliyefungwa gazeti mara tatu asinuke. Alinuka vilevile. Binti wa kaunta alimwamkia mama vizuri, akapokea pasipoti, akabonyeza, akatazama skrini, akabonyeza tena. Akamwita mwenzake. Wakatazama wote wawili.

"Mama, hii haitakubali."

"Imekwisha?"

"Haijaisha, mama."

"Sasa?"

"Imebakisha miezi mitano."

"Mwanangu, mimi nakwenda siku arobaini tu."

Yule binti hakuwa na la kujibu. Begi lilikuwa bado juu ya mizani, namba nyekundu zinasoma kilo 22 na nusu, na nyuma yetu foleni imeanza kukohoa. Mama akanigeukia mimi. Hakusema kitu. Nadhani angesema ningepumua.

Mtoto alizaliwa siku tatu baadaye. Sisi tuko Tanga tunaomba kitabu kipya, na kitabu kilipotoka viza nayo ikabidi iombwe upya, kwa kuwa ile ya kwanza ilifungwa na namba ya pasipoti ya zamani. Tiketi tukanunua nyingine. Mama alifika Muscat mjukuu ana siku hamsini na moja. Arobaini ilikwisha tolewa, uji alipika jirani Mzanzibari ambaye dada hadi leo anamwita mama mdogo. Na huyo dada, kila akitaka kunichokoza, huniuliza kama leo ni Machi.

Nimetumia miaka kadhaa kuelewa kilichotokea pale kaunta, Afande, na ninaomba uniruhusu nikieleze kama ninavyokielewa, kwa sababu wasafiri wengi bado wanadhani waliozuiwa walizuiwa na Uhamiaji, au kwamba kulikuwa na kitu kidogo kilichotakiwa kupitishwa mkono kwa mkono. Sivyo. Anayekuzuia ni shirika la ndege, na linakuzuia kwa hofu ya mfuko wake. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule uliozaa usafiri wa anga wa kiraia tunaoujua, una kiambatisho cha tisa kinachosema abiria aliyekataliwa kuingia nchini arudishwe na shirika lililomleta. Juu ya hapo nchi nyingi hupiga faini. Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikilitoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria asiye na karatasi zinazotakiwa. Basi wafanyakazi wa kaunta huangalia mfumo unaoitwa Timatic, ambamo masharti ya kila nchi yamepangwa, na skrini ikisema hapana, binti wa watu hawezi kusema ndiyo. Hata angekuwa mtoto wa shangazi yako.

Na sharti lenyewe la miezi sita lina sababu. Mgeni anaweza kuugua akalazwa, anaweza kupitiliza siku zake, anaweza kufukuzwa. Siku ya kumrudisha kwao lazima awe na karatasi iliyo hai, kwa hiyo nchi inajiwekea akiba tangu anapoingia. Ni kama mtu anayekukodisha baiskeli na kutaka kwanza aone breki. Sisi wenyewe tunafanya hivyo hivyo: mgeni anayeomba viza ya Tanzania tunamdai pasipoti yenye miezi sita mbele. Tunalijua sharti vizuri sana tukiwa wenyeji. Tukiwa wageni ndipo tunalisahau.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba kipimo si kimoja. Oman, Falme za Kiarabu na Saudia kwa umra, miezi sita. Ulaya ya Schengen, zile nchi zenye viza moja, wanataka miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao, na kitabu kiwe kimetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Afrika Kusini siku thelathini baada ya kuondoka, pamoja na kurasa tupu, na kuna watu wamerudishwa kwa kukosa ukurasa tu. Uturuki inataka siku 60 zaidi ya muda wa viza. Uingereza wenyewe, ambao kwa mengine ni wagumu, wanaridhika kitabu kikiwa hai kwa muda wote utakaokaa. Mama yangu, mwenye umri wake na darasa lake la saba, ayajue haya kutoka wapi? Mimi niliyesoma sikuyajua.

Sasa nifike kwenye neno langu.

Tarehe 31 Januari 2018 Rais John Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki jijini Dar es Salaam. Shilingi 150,000, miaka kumi. Zile za zamani zikapewa mpaka Januari 2020, baada ya hapo basi. (Kitabu kipya cha mama, kile cha mwishoni mwa 2017, alikitumia safari moja tu kabla hakijawa kumbukumbu. Tulicheka, tungefanya nini.) Maana yake, nchi nzima ilibadilisha vitabu ndani ya miaka miwili, na tangu hapo wenye pasipoti za kawaida za miaka kumi tumekaa raha mustarehe. Kuna kijana aliyeanza kusafiri mwaka 2019 ambaye hajawahi kuona pasipoti inazeeka mkononi mwake. Hata mawakala wa tiketi, waliokuwa wakiuliza "inaisha lini?" kabla ya salamu, wameanza kuiacha tabia ile, maana jibu lilikuwa moja kwa wote: bado sana.

Hiyo "bado sana" inakwisha. Kitabu cha Februari 2018 kinasomeka Februari 2028. Kwa Muscat na Dubai kinakufa Agosti 2027. Ramadhani ya 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na wazee wetu wengi hupenda umra ya Ramadhani. Yeyote ambaye kitabu chake kilitolewa kabla ya mwisho wa Julai 2018, siku hiyo hana miezi sita. Ana tarehe iliyochapwa, anayo viza ya wakala aliyoahidiwa, ana ihramu mpya kwenye mfuko wa nailoni, na hana safari. Kisha, mwaka hadi mwaka, wimbi litakuja, na kubwa kuliko yote litakuwa la katikati ya 2029, la sisi tuliongoja mpaka mwishoni mwa 2019 maji yalipofika shingoni. Foleni za mwaka ule nadhani unazikumbuka kuliko mimi.

Ninachoomba ni kidogo. Mwombaji wa pasipoti huandika namba yake ya simu kwenye fomu. Atumiwe meseji. Si wiki moja kabla, bali mwaka mmoja kabla ya tarehe iliyochapwa, tena ya Kiswahili, isiyo na maneno ya kisheria: pasipoti yako inaisha tarehe fulani, nchi nyingi hazitaipokea kuanzia tarehe fulani, usikate tiketi kabla hujaibadilisha. Najua namba nyingi za 2018 zimekufa au zina wenyewe wengine. Hata zikifika nusu, ni familia ngapi hizo. Benki inanikumbusha deni la shilingi elfu mbili, kampuni ya simu inanikumbusha kifurushi usiku wa manane. Sioni kwa nini serikali, iliyochukua alama za vidole vyangu vyote, ione haya kunikumbusha.

Na siku ya kumkabidhi mtu kitabu kipya, abandikiwe ndani ya jalada kikaratasi chenye tarehe mbili badala ya moja. Ya kwanza ile ya kisheria. Ya pili ile ya kweli.

Watanibishia watu kwamba kila mtu mzima ajisomee. Sawa. Lakini tazama mtu anavyofikiri, maana hata mimi nafikiri hivyo: pasipoti ya laki na nusu kwa miezi 120 ni shilingi 1,250 kwa mwezi, na kuibadilisha nusu mwaka mapema ni kama kutupa 7,500. Mbongo halisi hatupi kitu ambacho bado kinafanya kazi. Ataitunza mpaka siku ya mwisho, kama anavyobana dawa ya meno. Wengine wanaogopa kupoteza viza ya miaka mingi iliyomo ndani, na hapo pia hakuna aliyewaambia kwamba viza ya Marekani, kwa mfano, haifi pamoja na kitabu: unasafiri na vitabu vyote viwili, cha zamani chenye viza na kipya chenye uhai.

Kuna kundi jingine ambalo sitaki lisahaulike, nalo ni mabinti wetu wanaofanya kazi za majumbani huko Uarabuni. Wengi wao pasipoti hawakai nayo. Anakaa nayo mwajiri, kwenye kabati lake, hata pale sheria inapokataza. Mtu wa namna hiyo tarehe haioni, wala kikaratasi hakitamsaidia. Meseji itamsaidia, kama namba aliyoiacha ni ya mama yake huku nyumbani. Mama atapiga simu. Naomba balozi zetu za huko ziyapate majina yao mapema, kwa sababu binti akija kugundua siku anataka kurudi, kinachobaki ni hati ya dharura ya safari, na hiyo ni ya kumrudisha tu, si ya kumpeleka tena kazini.

Afande, nimekwisha sema nilichotaka. Mama sasa ana kitabu cha Novemba 2019 na wajukuu wanne Muscat. Hatakubali tena mtu amsomee tarehe, hasa mimi. Kitabu chake amekifunga kwa lastiki, na chini ya lastiki ameweka kipande cha karatasi alichokata kwenye boksi la majani ya chai, ameandika mwenyewe kwa kalamu ya wino: *Mwisho ni Mei 2029, Novemba ni ya kwao.* Kama ofisini wanatafuta maneno ya kuandika kwenye kile kikaratasi, nimemuuliza, amesema wayachukue bure.

Ni mimi,
mwananchi wa Tanga.